Mnasihi Mlangoni pa Watu
Mhadhara juu ya nasaha ya kazi na mila za wenyeji, uliotolewa Kinyala, Rungwe

Waheshimiwa wazee wa Kinyala, maafisa ugani, walimu walezi, viongozi wa vyama vya wakulima, nanyi vijana mlioingia karibuni katika kazi hii ya kuwanasihi wenzenu katika shughuli zao,

Mwagonile. Najua ya kuwa salamu hapa haitimii kwa neno moja, na ya kuwa mtu asemaye neno moja kisha akakimbilia haja yake huhesabiwa kuwa hajasalimu. Lakini mhadhara una kaida zake na mkutano una saa zake, basi naomba radhi kwa kuifupisha, na naahidi kuwa maneno haya yakiisha nitaketi nanyi migombani mpaka salamu zitimie.

Nimeitwa niseme juu ya mnasihi na mila za watu anaowanasihi. Nasaha ninayoikusudia ni ile ambayo siku hizi mijini imepata vyeti, ada na vyama vyake, yaani kazi ya kukaa na mtu mwenye ujuzi wake, awe mkuu wa shule, muuguzi, mhasibu au mkulima wa chai, na kumsaidia aione mwenyewe njia ya kuutumia ujuzi huo. Mwenye kazi hiyo huitwa kocha, neno tulilolizoea viwanjani mwa mpira. Asili yake ni ya mbali: Kocs ni kijiji cha Hungaria kilichosifika tangu karne ya 15 kwa magari ya farasi, na magari hayo yalipoenea Ulaya jina la kijiji likaenea nayo, kisha katika karne ya 19 wanafunzi wa Oxford wakampa lakabu hiyo mwalimu aliyewavusha katika mitihani, kwa tashbihi ya gari limchukualo abiria. Naipenda tashbihi hiyo kwa kuwa abiria ndiye ajuaye aendako. Lakini gari halipiti kila njia, na kila aliyewahi kuiacha lami ya Tukuyu wakati wa masika akateremka mashambani anajua ni magari mangapi mazuri yaliyozama matopeni kwa sababu yaliundwa kwa barabara za nchi nyingine.

Maarifa ya kazi hii yaliandikwa hasa ugenini. Mwaka 1974 Mmarekani Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi, alitoa kitabu cha kuonyesha kwamba mchezaji huzuiwa zaidi na mashaka ya nafsi yake kuliko na mpinzani wake, na kwamba mwalimu amfaaye ni yule apunguzaye amri. Mwaka 1992 Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kushindana katika mbio za magari, aliyatia mawazo ya namna hiyo katika kitabu kilichosomwa sana maofisini. Na mwaka 1995 wanasihi wakaundiwa Marekani chama cha kimataifa. Sina ugomvi na watu hawa, maana wamenifunza subira ya kuuliza na kusikiliza. Ila katika mafundisho yao mna sura moja ambayo msomaji huimeza bila kuitafuna: watu wawili katika chumba kimoja, mlango umefungwa, siri imehifadhiwa, na lengo ni la mtu mmoja.

Mimi ni mtu wa pwani, na sura hiyo haikunishtua hata kidogo. Kwetu mwari hutiwa ndani akafundwa na somo wake, na yaliyosemwa humo hayatoki nje. Mtoto huonywa kando, faraghani, ili murua wake usivunjike mbele za watu, na mwenye kumwonya mtu mzima hadharani huambiwa kuwa amemwaibisha hata kama maneno yake ni ya haki. Basi nilipokuja Rungwe kwa mara ya kwanza nilikuja na vyumba viwili vilivyofungwa, kimoja cha kwetu na kimoja cha vitabuni, na kwa kuwa vilifanana nilidhani ya kuwa dunia nzima imejengwa hivyo.

Naomba nieleze kosa nililolitenda, kwa maana limenifunza kuliko vyeti vyangu. Taasisi moja ilinituma kuwanasihi viongozi wa kikundi cha wakulima wa chai katika kijiji kisicho mbali na hapa. Mhazini wao alikuwa mwanamke kijana, na daftari lake lilikuwa safi kupita madaftari mengi niliyoyaona katika ofisi kubwa: jina la kila mkulima, kilo za majani mabichi alizopeleka mizanini, tarehe, na mstari mwekundu ulionyooka chini ya kila jumla. Lakini katika mkutano alikaa pembeni karibu na mlango, na mzee mmoja alipoingia aliuvuta upande wa kitenge chake akaugeukia ukuta, na mzee yule alipouliza juu ya makato ya mbolea, kijana mmoja aliyesimama karibu naye ndiye aliyejibu, baada ya kunong'onezwa. Nikaandika katika kitabu changu neno moja: hajiamini.

Mkutano ulipokwisha nilimwita nyuma ya banda la mizani, na kwa muda wa saa nzima nikampa mazoezi niliyofunzwa: kusimama wima, kumtazama mtu usoni, kuitoa sauti kifuani. Kila nilichosema alijibu, "Ndiyo, mwalimu." Juma la pili hakuja. Juma la tatu daftari lililetwa na mtoto, limefungwa katika mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua, bila salamu wala barua.

Mzee yule alikuwa baba mkwe wake. Wazee mlioko hapa hamhitaji kuelezwa, ila kwa ajili ya wageni nitasema. Katika mila ya Wanyakyusa mkaza mwana alipaswa kumwepuka baba mkwe wake kwa staha kubwa; asikutane naye uso kwa uso, asilitaje jina lake, wala maneno yanayofanana na jina hilo, hata ikambidi abuni maneno mengine ya kuita vitu vya kila siku jikoni. Mila hiyo imelegea katika nyumba nyingi, na katika nyingine imebaki alama tu, kama kuinamisha macho au kupita mlango wa nyuma. Lakini katika nyumba ile ilikuwa hai. Kwa hiyo kile nilichokiita kutojiamini kilikuwa kazi ya akili na ya adabu kwa pamoja: mwanamke yule alikuwa amekwisha kuvumbua njia ya kutoa hesabu sahihi mbele ya kikundi kizima pasipo kumvunjia heshima baba mkwe wala kuipoteza nafasi yake, nami nikaja kuibomoa njia hiyo na kuiita maradhi. Na juu ya hayo nilimweka mke wa mtu nyuma ya banda kwa saa nzima, mimi mwanamume mgeni, huku wachumaji wakipita na vikapu mgongoni, wakitazama.

Nilipotafuta kuelewa, nilielekezwa kwenye maandishi ya Godfrey na Monica Wilson, mume na mke, wataalamu wa elimu ya jamii za watu, waliokaa katika nchi hii kati ya mwaka 1934 na 1938. Jambo la kwanza lililonigusa lilikuwa namna walivyoyapata maarifa hayo. Godfrey Wilson alijifunza Kinyakyusa, akakaa vijijini na watu, na pembeni yake alikuwapo Leonard Mwaisumo, msaidizi aliyemsaidia katika lugha na katika kuandika habari, ambaye jina lake laonekana dogo katika vitabu ilhali bila yeye na wenziwe vitabu hivyo visingekuwa kama vilivyo. Wamisionari Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 nao walikuwa katika hali hiyo hiyo: walikuja kufundisha, na kabla hawajatamka neno la kwanza la mafundisho iliwapasa wafundishwe na wenyeji jinsi ya kusalimu na jinsi ya kumtaja Mungu, hata ibada yao ikalichukua jina la Kyala. Mnasihi anayekuja Kinyala hana budi kumtafuta Mwaisumo wake kabla ya kumtafuta mtu wa kumnasihi, na amtaje, na amlipe, na amsikilize hasa pale asipopenda anachoambiwa.

Jambo la pili ndilo lililonipindua fikira. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya vijiji vya marika, ameeleza kwamba wavulana wa Kinyakyusa, wafikapo umri wa miaka 10 au 11 hivi, walikuwa wakiondoka nyumbani kwa baba zao wakajenga vibanda vyao pamoja, rika moja mahali pamoja, na kijiji hicho, ikipanga, kikakua nao mpaka wakaoa na kuzeeka humo. Chakula walikula pamoja, mazungumzo walizungumza pamoja, na hali hiyo ya kufurahiana katika usuhuba wakaiita ukwangala. Na walipoulizwa mtu hupata wapi amahala, yaani ile busara ya kuishi na watu na kujua neno gani lisemwe wapi, jibu lilikuwa kwamba huipata kwa kuzungumza na wenzake wa rika. Baba humpa mtoto ng'ombe na jina. Busara hupewa na wenzake.

Tafakarini neno hili, enyi wanasihi. Katika nchi hii ilikuwapo tayari elimu nzima ya nasaha, yenye mahali pake, adabu yake na hata kinywaji chake, maana kimpumu hunywewa kwa mirija watu wakiwa wamekizunguka chungu kimoja, na hakuna amwambiaye mwenzake neno zito akiwa amesimama. Elimu hiyo haikuwa na bwana mmoja ajuaye na mwanafunzi mmoja asiyejua. Ilikuwa ni ya walio sawa, na iliendeshwa wazi. Ni jambo la ajabu kiasi gani, basi, kwamba sisi tunafika na karatasi zetu, tunamchomoa mtu mmoja katika duara hilo, tunamfungia chumbani, tunamuuliza lengo lake ni lipi kana kwamba ana lengo asilolijua mtu mwingine, kisha tunashangaa akitujibu "ndiyo" kwa kila kitu!

Kuna sababu nyingine, nzito zaidi, inayomfanya mtu aogope kuchomolewa. Monica Wilson ameandika kwamba watu wa zamani waliitakidi kuwa manung'uniko ya majirani waliokasirika kwa haki yana nguvu, kwamba humshukia mkosaji kama pumzi ya baridi, akapata homa au akapooza. Na waliokuwa katika hatari hiyo ni pamoja na mtu aliyechinja ng'ombe akala peke yake bila kuwaita jirani. Sisemi kwamba kila mtu wa Rungwe leo anaamini hivyo. Makanisa yamejaa, na zahanati zina kazi. Ila insafu iliyokuwa ndani ya itikadi ile naiona bado: kustawi kusikogawanywa humtia mtu shaka, mwenyewe akiwa wa kwanza kutahadhari. Nimeona mkulima aliyeshikwa mkono akasimamishwa mbele ya kijiji, akavishwa kofia, akatajwa kuwa yeye amewapita wenzake wote, naye uso wake ulikuwa wa mtu aliyesomewa hukumu, na msimu uliofuata akaacha kabisa kuhudhuria mafunzo. Aliyempa kofia alikusudia hisani. Lau angekisifu kikundi, kisha akaliachia rika la mkulima huyo limtaje lenyewe katika mazungumzo yao, mtu yule angekubali sifa hiyo bila hofu.

Huenda mtu akaniambia kwamba haya ni mambo madogo ya adabu, na kwamba ukweli wa kitaalamu hupenya popote. Namkumbusha habari za Uluguru. Huko, katika miaka ya mwanzo ya 1950, serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko, na kuhifadhi udongo ni jambo jema lisilobishiwa. Lakini ardhi ya Waluguru ilikuwa ya koo zinazohesabiwa kwa upande wa mama, na mwenye kujenga kitu cha kudumu katika ardhi hujenga pia dai. Basi kila tuta lilikuwa swali la urithi ambalo hakuna bwana shamba aliyeliuliza. Aidha katika sehemu nyingi matuta yale yaliufukua udongo wa chini usio na rutuba, jambo ambalo wakulima waliliona kwa macho yao. Mwaka 1955 fujo zikatokea, mtu akauawa, na mpango ukaachwa.

Mfano wa kinyume chake tunao pia, nao ni wetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchini katika vikundi vya kusikiliza redio, chini ya viongozi wapatao 75,000 waliofundishwa kuuliza na kuongoza mazungumzo badala ya kuhutubia. Kikundi kilisikiliza, kikasoma kijitabu, kikajadiliana, kisha kikaamua chenyewe kichimbe choo, kifyeke majani au kichemshe maji. Tunapozungumza leo juu ya shamba darasa, ambamo wakulima hukutana kila juma katika shamba moja, wakatazama mmea mmoja na kubishana juu yake, watu hutaja kwamba njia hiyo ilitoka Indonesia mwaka 1989, na ni kweli. Lakini mzee wa Rungwe akilitazama duara lile la watu walio sawa wakitafuta akili pamoja, hataona ugeni wowote ndani yake.

Sasa nawatahadharisha na hatari ya upande wa pili, nayo ni hatari ya wasomi. Mtaalamu wa Uholanzi, Geert Hofstede, alijaribu kuzipima tamaduni za dunia kwa tarakimu, akitumia majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM, na katika hesabu zake Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zikatiwa katika fungu moja la Afrika Mashariki. Nimeona wanasihi wakiingia Rungwe na tarakimu hizo mkononi, wakidhani wameshamjua mtu watakayekutana naye. Mpemba, Mmasai, Mwamhara na mtu wa Kinyala katika tarakimu moja, na tarakimu yenyewe imetoka kwa makarani wa kampuni ya mashine! Heri kukiri kwamba hujui, maana akiriye hivyo atauliza.

Hata maandishi ya akina Wilson, niyapendayo, yana hatari hiyo hiyo kwa mtu mvivu wa kutazama. Vijiji vya marika vilianza kufifia zamani, ardhi ilipobanana na vijana walipokwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, migodi ya shaba ya Zambia na ya dhahabu ya Afrika Kusini, wakarudi na fedha na desturi nyingine. Chai iliyopandwa kwa majaribio Kyimbila mwaka 1904 imekuwa mshahara wa maelfu ya nyumba, na siku hizi parachichi limepanda vilima ilimokuwa kahawa. Kijana wa bodaboda wa Tukuyu aliyekaa Dar es Salaam miaka mitano hawezi kunasihiwa kana kwamba amelala jana katika ikipanga. Yamkini yeye ndiye atakayekuomba chumba na mlango uliofungwa, kwa kuwa ana deni asilotaka rika lake walijue. Na ukimkatalia kwa jina la mila utakuwa umemdhulumu kama nilivyomdhulumu mhazini yule. Mwanamke mwingine wa nyumba ya jirani atamtazama baba mkwe wake usoni, amcheke na amtilie chai. Mila ni kama njia za miguu katika migomba ya hapa: zipo, zinapitiwa kila siku, na kila mwaka zinasogea kidogo, na mgeni hana ramani yake, ana mwenyeji tu wa kutembea naye.

Kwa hiyo sikuja na orodha ya desturi za kuhifadhi kichwani. Nawaomba wanasihi wenzangu mambo machache ya kutendeka. Mnapofika, kaeni kwanza siku ambazo hazina kazi. Kabla ya kuandika neno la hukumu juu ya mtu, kama vile mwoga, mvivu au mkaidi, ulizeni watu watatu wasiofanana kile mlichokiona maana yake ni nini. Neno "ndiyo" lichukuliwe kuwa ni adabu mpaka litendwe. Na mtu aulizwe yeye mwenyewe angependa kuzungumzia wapi, na mbele ya nani. Swali hili limenifaa kuliko maswali yote ya vitabuni, na kwa miaka mingi sikulijua.

Mhazini yule nilimrudia, baada ya kutafakari kwa miezi kadhaa. Sikwenda peke yangu. Nilimwomba mama mmoja mtu mzima, jirani yake, anitangulie, naye alisalimu kwa muda mrefu huku mimi nimesimama uani chini ya mvua nyembamba, mpaka nikaitwa. Jikoni alikuwamo mhazini na wanawake wanne wa rika lake, na ungo wa maharage katikati yao. Nikaomba msamaha kwa kosa la nyuma ya banda. Hakuna aliyeupokea wala aliyeukataa. Mmoja akanisogezea kigoda. Kisha nikauliza, nikiwauliza wote, hesabu za kikundi zisomwe vipi ili kila mkulima asikie na kila nyumba ikae kwa amani. Walizungumza Kinyakyusa upesi upesi, wakabishana, wakacheka, na yule mama akanifasiria nusu tu. Wakaamua kwamba hesabu zisomwe na wawili kwa zamu, na ya kwamba mhazini aandike kwa herufi kubwa katika karatasi itakayobandikwa mlangoni mwa banda siku moja kabla ya mkutano, ili mwenye kuuliza aje na swali lake tayari. Jambo hilo sikulifikiri mimi.

Nilipokuwa nikiinuka, mhazini, ambaye hata wakati huo alikuwa hajanielekezea neno, aliweka mkono juu ya ungo akauliza, "Na kwenu pwani, mwalimu, baba mkwe akiwapo, hesabu husoma nani?"

Nikaketi tena. Nikaanza kuwaeleza habari za kwetu, za somo na mwari, za mambo tusemayo ndani na tusiyothubutu kuyasema nje, nao wakanisikiliza huku wakichambua maharage.